Mdaiwa na Usingizi Wake



Nitaanza na soko. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, asubuhi, soko kuu la Bujumbura liliungua. Wengi wenu mliuona moshi kutoka mlangoni kwenu. Rwanda ilituma helikopta kusaidia kuzima moto, lakini hadi hapo kilichokuwa cha kuokolewa kilikuwa kidogo. Siku zilizofuata mji mzima ulihesabu hasara: vitenge, viatu, simu, mchele, vyombo vya nyumbani. Kitu ambacho hatukukihesabu ni madeni. Mfanyabiashara wa soko lile hakuwa na mali yake tupu kibandani. Humo mlikuwa na mkopo wa benki, mlikuwa na mzigo aliochukua kwa tajiri wa kartie Asiatike kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, mlikuwa na zamu ya tontini, ule mchango wa kupokezana, aliyoipokea kabla ya wenzake. Mali iliteketea, deni likabaki zima. Magofu ya soko lile yalikaa katikati ya mji kwa miaka mingi, na watu walipita kando yake kila siku wakiwa bado wanalipa bei ya vitu ambavyo havipo tena duniani.

Nimeombwa niseme juu ya shida ya pesa na afya ya akili. Neno langu ni moja, na nitalisema mapema ili anayewahi basi aondoke nalo. Kinachomuumiza mdaiwa akilini si sana ukubwa wa deni. Ni namna anavyodaiwa: anadaiwa na wangapi, anadaiwa kwa siri au kwa kelele, na je, anajua siku ya mwisho wa deni hilo au hajui. Ndiyo maana watu wawili wenye deni la faranga milioni mbili wanaweza kuwa na hali mbili tofauti kabisa. Mmoja analala. Mwingine hajalala tangu mwezi uliopita.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walijua. Lakini wametuachia pia ile nyingine, dawa ya deni kulipa, na hiyo tumeitumia vibaya. Tunamtupia mtu asiye na cha kulipa, kisha tunaondoka tukiamini tumemshauri. Yeye anaijua hiyo dawa. Hana pa kuinunua.

Tumtazame mtu huyu kwa karibu. Anaamka saa nane za usiku na kuanza kupiga hesabu ileile aliyoipiga jana, na jibu ni lilelile. Simu ikilia moyo unamruka, hata kama anayepiga ni dada yake. Alikuwa anapita avenue ya 7 kwenda kazini, sasa anazunguka, kwa sababu pale pana duka ambalo jina lake limo katika daftari. Msikitini anaingia watu wakishafunga swala na kutoka kabla ya kupeana mikono. Kanisani anakaa nyuma. Harusi ya mpwa wake haendi, anasema ana homa. Nyumbani anamfokea mke kwa ajili ya chumvi. Watoto wanajifunza kunyamaza akiingia. Baadaye kichwa kinamuuma kweli, tumbo linamsokota, anakwenda zahanati, anapimwa malaria, malaria haipo, anapewa vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani. Hakuna aliyemuuliza swali moja: ndugu yangu, una deni?

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu swali lile halina gharama. Muuguzi anauliza kama umekula, kama unakojoa vizuri, kama una mimba. Katika mji huu, anayekuja na kukosa usingizi, moyo kwenda mbio na kuchoka bila kazi angepaswa kuulizwa juu ya deni mapema kabisa.

Kuna watu waliochunguza jambo hili kwa vipimo, na matokeo yao yanatuhusu. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa 464 wa Tamil Nadu, India. Wakulima wa miwa hupata pesa mara moja, baada ya mavuno. Watafiti waliwapima uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, wakati mifuko imekauka na vitu viko rehani, kisha wakawapima walewale baada ya kulipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi, kwa tofauti kubwa. Mtu ni yuleyule, ubongo ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba sehemu ya akili yake ilikuwa imekaliwa na shida. Kwa hiyo tunapomwona mdaiwa anafanya uamuzi ambao sisi tunauita wa kijinga, anakopa huku ili alipe kule, anauza cherehani inayomlisha, tusiseme alizaliwa hana akili. Akili anayo, ila haina nafasi.

Utafiti wa pili ndio ulionigusa zaidi. Ulifanyika Singapore na kuchapishwa mwaka 2019. Kulikuwa na watu 196 wa kipato cha chini waliokuwa wamezama katika madeni ya muda mrefu, na shirika moja la hisani likawalipia sehemu ya madeni hayo. Baada ya hapo wasiwasi wao ulipungua na uwezo wao wa kufikiri ukapanda. Lakini sikilizeni hapa: kati ya watu waliosamehewa kiasi kilekile cha pesa, walionufaika zaidi ni wale ambao kiasi hicho kilifuta madeni mengi tofauti. Pesa ni ileile, ila aliyefutiwa madeni matano alipumua kuliko aliyepunguziwa deni moja kubwa. Akili inahesabu milango inayogongwa, na kila mdai ni mlango.

Sasa turudi nyumbani. Mtu wa Bujumbura mwenye deni mara nyingi ana madeni sita. Ana la duka la jirani, lile la sukari na sabuni linaloandikwa kwa kalamu katika daftari lenye jalada lililochanika. Ana la ada ya shule. Ana la tontini. Ana la kaka yake aliyemtumia kwa simu, kwa Lumicash, mwezi wa pili na hajamkumbusha hata siku moja, na hilo la kutokumbushwa ndilo linalouma kuliko yote. Ana la COOPEC, chama cha akiba na mikopo, au la benki. Na akishakwama kote huko, anakwenda kwa yule ambaye hapa kwetu, kama Bukavu na Kinshasa, tunamwita Banque Lambert.

Hapo sitapita haraka. Lambert hana kibao wala dirisha. Anakopesha kwa saa moja bila kuuliza maswali, na huo ndio wema wake wote. Akikopesha mwalimu au askari anachukua kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, anayeutoa ni yeye, kisha anamkatia mwenye mshahara kilichobaki kama mtu anayempa mtoto pesa ya peremende. Akikopesha mwenye kiwanja, anamwekea karatasi ya kutia sahihi ambayo haisemi nimekopa, inasema nimeuza. Tuchukue hesabu ndogo. Umekopa faranga 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na kila mwezi usipolipa riba inaingia ndani ya deni. Baada ya miezi mitatu unadaiwa faranga 439,400. Baada ya miezi sita zimefika 965,000, karibu mara tano ya ulichokipokea mkononi. Kule Kirundo na Muyinga wanao umurwazo, mkulima anauza mavuno yake yangali shambani kwa bei ya njaa. Tanzania wameipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu, na Novemba 2024 Benki Kuu yao ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kenya walifika hatua mbaya zaidi: wakopeshaji wa simu walikuwa wakimpigia bosi wako, mama mkwe wako, rafiki uliyesoma naye, kuwatangazia kwamba hulipi.

Fikirieni huyo mwalimu aliyetoa kadi yake. Anaingia darasani asubuhi kufundisha watoto sitini. Kila mwezi anasaini kwamba amelipwa. Mke wake anamwuliza mshahara uko wapi, naye anasema umechelewa. Mwezi unaofuata anasema tena umechelewa. Siri hiyo ndiyo inayomla. Nimekaa na watu wa hali hii, na wengi, walipofika mahali pa kusema, waliona aibu zaidi kusema neno Lambert kuliko kusema kwamba wamekuwa wakilia usiku.

Tena haki inataka tuseme kwamba si kila deni hapa mjini limetokana na mtu kushindwa kupanga mambo yake. Mwezi wa Mei 2023 faranga yetu ilishushwa thamani. Dola moja ikatoka kwenye faranga kama 2,080 ikapita 2,800, na hiyo ndiyo bei ya benki, ya mtaani ilikuwa juu zaidi. Aliyekuwa amechukua mzigo Dar es Salaam au Dubai kwa dola 1,000 alilala akidaiwa milioni mbili na kidogo, akaamka anadaiwa zaidi ya milioni mbili na laki nane. Hakunywa pombe wala hakucheza kamari. Mwezi uliofuata Benki Kuu ikaondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000 kwa muda wa siku 10, na wale waliokuwa wakitunza pesa ya kikundi ndani ya sanduku walizikimbiza wakiwa na hofu ya wanachama wenzao. Mwaka mmoja kabla, Machi 2022, pikipiki, bajaji na baiskeli zilizuiwa kuingia sehemu kubwa ya mji. Vijana wengi walikuwa wamenunua pikipiki hizo kwa mkopo, na marejesho yalihesabiwa kwa safari za katikati ya mji. Safari zikakatwa, marejesho hayakukatwa. Na kabla ya yote hayo ulikuwepo mwaka 2015 wa machafuko, watu walipokimbilia kambi za Nyarugusu na Nduta nchini Tanzania wakiacha maduka yamefungwa kwa kufuli, na waliporudi walikuta kufuli limevunjwa ila daftari la mdai limetunzwa vizuri.

Mtu aliyepigwa na mambo ambayo hakuyafanya huumia kwa namna ya pekee. Anatafuta kosa lake na halioni, kwa hiyo anajilaumu kwa yote. Wanaume wetu hasa. Tumewafundisha kwamba baba ni yule anayeleta, basi asipoleta anajiona hayupo. Wanawake nao wana mzigo wao: katika mikopo ya vikundi mmoja akishindwa wenzake wanalipa, na hao wenzake ndio anaochota nao maji, ndio waliomshika mkono siku ya msiba. Hapo deni linakula pesa pamoja na watu waliokuwa wa kumfariji.

Aibu ya deni inaweza kufanywa hata na taasisi. Mwaka 2006 Human Rights Watch pamoja na APRODH, shirika la Burundi lililokuwa likitetea haki za wafungwa, walitoa ripoti juu ya wagonjwa waliokuwa wakizuiliwa hospitalini kwa sababu hawakuwa na pesa ya kulipia matibabu. Walikuwemo kina mama waliojifungua kwa kupasuliwa, na watoto. Walikuwa wamekwisha pona, lakini mlangoni palikuwa na mlinzi. Mwaka huohuo, tarehe 1 Mei, serikali ilikuwa imetangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto chini ya miaka mitano yatakuwa bure, na hatua ile iliwaondolea maelfu ya familia deni la aina hiyo. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba uamuzi mmoja wa sera unaweza kutuliza vichwa vingi kuliko mihadhara yangu yote. Burundi pia iliridhia mwaka 1990 mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kutimiza mkataba. Anayemweka mdaiwa mahabusu ili ndugu zake wauze ng'ombe haraka anavunja ahadi ambayo nchi yetu iliitia sahihi.

Dini zetu zilijua haya kabla ya watafiti. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikuwa na dua ya kuomba kinga dhidi ya wasiwasi na huzuni, na katika dua hiyohiyo aliomba kinga dhidi ya uzito wa deni. Kurani, katika sura ya Al-Baqara, inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda hadi apate nafasi, na inaona kumsamehe ni bora zaidi. Torati iliweka mwaka wa saba kuwa mwaka wa kufuta madeni. Na sisi wenyewe, kabla ya kuzika, msimamizi wa familia husimama akasema mwenye kumdai marehemu aje atuone. Ni desturi nzuri sana. Ninalojiuliza ni kwa nini tunamngoja mtu afe ndipo ndugu zake wasimame hadharani na kusema, deni lake ni letu.

Wengine watasema: basi wapelekwe kwa washauri nasaha, wazungumze, watapona. Naheshimu kazi hiyo, ni kazi yangu. Lakini Kenya ulifanyika utafiti mkubwa, wa watu zaidi ya 5,700 vijijini, uliolinganisha kumpa mtu pesa taslimu na kumpa mafunzo ya ushauri wa kisaikolojia. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa pesa walikuwa na hali nzuri zaidi ya moyo. Kwa waliopewa ushauri peke yake haikuonekana tofauti. Matokeo hayo ni machungu kwa mtu wa kazi yangu, na nayakubali. Huwezi kumfundisha mtu kuvuta pumzi polepole wakati mdai amekaa kwenye baraza yake.

Ila tusikimbilie kuufunga mlango wa mazungumzo. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati za Harare na kuwasikiliza watu. Utafiti wa mwaka 2016, wa watu 573, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi lile walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na bibi wale hawasemi tu jipe moyo. Wanamwambia mtu ataje shida zake zote, achague moja, na wapange pamoja hatua ya kwanza ya kuitatua. Kwa mdaiwa, hatua hiyo mara nyingi ni kukaa na karatasi na kuandika nani anadai na kiasi gani, jambo ambalo amelikwepa kwa miezi. Hapa Bujumbura hatukosi bibi wala mabaraza.

Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kinachoendeshwa na watawa wa Frères de la Charité, kinapokea watu ambao hali yao imekwisha fika mbali. Hakiwezi kubeba mji mzima, wala hakipaswi kuwa mahali pa kwanza pa mwenye madeni kusikilizwa. Tukumbuke pia kwamba ugonjwa wa akili wenyewe unaleta deni: nauli, dawa, ndugu aliyeacha kazi ili amlinde mgonjwa. Familia inaingia Kamenge na tatizo moja na inaweza kutoka na mawili.

Ninaomba mambo machache, na naomba kwa dhati. Viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, mkiona mwanachama ana madeni matano madogo, mkopesheni mara moja alipe yote matano abaki na nyinyi tu. Mmesikia ya Singapore. Hilo linawezekana ndani ya sanduku lenu. Mabenki, mteja akiomba kurefushiwa muda, mjibuni kwa barua yenye tarehe, hata kama jibu ni hapana, maana kungoja bila jibu kunamwumiza kuliko hapana. Waendesha mashtaka, sheria ya jinai inakataza riba ya unyonyaji, na wanaoshika kadi za walimu wanajulikana kila kartie. Imamu na padri, mnapohubiri juu ya uaminifu wa mdaiwa, hubirini siku hiyohiyo juu ya subira ya mdai.

Wewe unayedai, una haki yako na sikuambii uiache. Dai faraghani. Mpe tarehe, na kabla ya tarehe hiyo usimpigie.

Na wewe unayedaiwa, ambaye umekaa humu na hakuna jirani yako anayejua: mwambie mtu mmoja leo, kabla hujalala. Mke, mume, dada, rafiki, yeyote unayemwamini. Mtajie kiasi chote, na Lambert pia. Kama umefika mahali pa kuona kwamba kufa ni nafuu, usikae na wazo hilo peke yako hata usiku mmoja; mwamshe mtu, mwende pamoja zahanati au Kamenge. Nasi wengine, tukiambiwa habari ya namna hiyo, tusianze na lawama. Tutafute karatasi na kalamu, tukae naye tuandike.